Motokaa ya Mwisho Ambayo Haikuwa ya Mwisho



Mhariri aliponitaka niandike insha ya historia kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu, bila shaka alitazamia niandike juu ya Vita vya Maji Maji, au juu ya siku za kwanza za shule yetu. Nimechagua motokaa. Tena si lori la kubebea mahindi wala basi la abiria, bali ni motokaa ya anasa: ya viti viwili, yenye paa la turubai linalokunjwa na kufichwa nyuma ya viti, iliyoundwa na kampuni ya Mercedes-Benz huko Sindelfingen, Ujerumani, tangu 1971 hadi 1989. Wapo watakaouliza mtumishi wa Serikali anayepanda daladala kwenda kazini ana habari gani na gari la namna hiyo. Jibu langu ni kwamba kazi yangu imenifundisha jambo moja kuhusu magari ambalo matajiri wengi hawakupata nafasi ya kujifunza, nalo ni jinsi yanavyouzwa yakiisha kuzeeka.

Kwa miaka kadhaa nimekaa katika kamati za kuuza mali chakavu za umma. Tunapita uwanjani jua likiwaka, tunaandika namba za injini za Land Rover zilizolala juu ya mawe, mthamini anataja kiasi chake, kisha siku ya mnada dalali anataja kiasi kingine na watu wanatoa cha tatu. Hapo ndipo nilipoelewa maneno ya mwalimu wetu wa Historia wa kidato cha tano, aliyekuwa akituambia kwamba waraka wa historia si lazima uwe na muhuri wa Gavana. Bei nayo ni waraka. Ukiisoma vizuri itakueleza watu waliogopa nini mwaka ule, walitamani nini, na nani aliwadanganya.

Mwaka jana mwenzetu mmoja niliyesoma naye kidato cha tano na cha sita, ambaye sasa anaishi Marekani na ameoa huko, aliniletea swali. Baba mkwe wake alikuwa amefariki na kuacha gerejini, chini ya shuka, SL ya mwaka 1979, aina ya 450. Marehemu aliinunua mpya. Aliiendesha kidogo sana, kwa kuwa muuzaji alimwambia kwamba magari ya paa la kukunja yanakwisha duniani, na kwamba lake lingekuwa akiba nzuri kuliko benki. Sasa mama mkwe alitaka liuzwe upesi, maana alikuwa na madeni ya matibabu ya mumewe. Shemeji naye alisema lingojewe miaka 10 mingine lipande bei. Mwenzetu, aliyekuwa katikati ya mama mkwe na shemeji (mahali ambapo simwombei hata adui yangu), aliniuliza: “Wewe ulisoma Historia Mlimani, na kazi yako ni kuuza magari. Tuuze au tungoje?”

Nilimjibu kwa barua ndefu, nayo ndiyo msingi wa insha hii.

Yafaa kwanza tujue gari lenyewe. Herufi SL katika Kijerumani zilikusudiwa kumaanisha gari jepesi mno. La kwanza lililokuwa maarufu, 300 SL la 1954, kweli lilikuwa jepesi, lenye milango iliyofunguka kwenda juu kama mabawa ya ndege. Ndugu yake wa paa la kukunja alitengenezwa tangu 1957 hadi 1963, na yakatoka magari 1,858 tu. Baadaye likaja lile ambalo watu waliliita Pagoda kwa sababu ya kofia yake ya chuma iliyobonyea katikati. Hilo lilitengenezwa hadi 1971, magari 48,912. Kisha likaja la tatu, ambalo ndilo la insha hii. Lilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 1,500, kwa hiyo ule wepesi ulibaki katika jina tu.

Uzito huo haukuja kwa uvivu wa wahandisi. Mwaka 1965 mwanasheria Ralph Nader alitoa kitabu cha kuyashutumu makampuni ya magari ya Marekani kwa kutojali maisha ya watu, na mwaka uliofuata bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya usalama wa magari. Idara ya Uchukuzi ikaanza kutunga kanuni: mikanda, usukani usiomchoma dereva kifuani, na, jambo lililowatia watu hofu kubwa, kanuni za kumlinda abiria gari linapopinduka. Sasa paa la turubai litamlindaje mtu gari likipinduka? Kila kiwanda kilichouza magari Marekani kilijiuliza swali hilo, na vingi vilijijibu kwamba magari ya kufunuka yamefika mwisho wake.

Wajerumani hawa walibishana wao kwa wao, na mwaka 1968 wakaamua gari lao jipya liwe na paa la kukunja hivyo hivyo. Lakini waliimarisha sana nguzo za kioo cha mbele, wakakigandisha kioo chenyewe kwenye fremu ili kisaidie kubeba uzito, na tangi la petroli wakaliweka mahali palipokingwa. Hata taa za nyuma zilitiwa mifereji ili matope yasizizibe. Msanifu wake alikuwa Friedrich Geiger, yule yule aliyechora lile la milango ya mabawa. Kwa maoni yangu hili halina uzuri wa Pagoda. Linafanana na mtu aliyevaa koti zito siku ya joto. Lakini ni gari lililofikiriwa.

Waingereza waliona mambo vingine. Gari la Triumph TR7 lilianza kuuzwa 1975 likiwa na paa la chuma tu, na lile la kufunuka likachelewa hadi 1979. Jaguar waliacha kutengeneza E-Type mwaka 1974, na badala yake, XJ-S la 1975, lilitoka limefungwa. Huko Marekani kwenyewe, ambako magari ya kufunuka yaliyouzwa mwaka 1965 yalizidi nusu milioni, idadi ilishuka mwaka hata mwaka. Chevrolet Corvette la kufunuka likakoma 1975. Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wa historia hawana budi kulitazama kwa makini. Kanuni iliyoogopwa haikuyapiga marufuku magari hayo. Mwaka 1972, katika kesi iliyofunguliwa na kampuni ya Chrysler, mahakama ya rufani ilieleza kwamba sheria haikukusudia magari ya namna hiyo yafutwe, na idara ikayaacha nje ya kanuni za nguvu ya paa. Hofu ilikuwa imekwisha kuondolewa kisheria. Lakini hofu ilikuwa inauza, na wauzaji hawakuwa na haraka ya kuiaga.

Mfano wa wazi ni Cadillac Eldorado la kufunuka. Mwaka 1975 yalitengenezwa magari yasiyofika 9,000. Mwaka 1976 kampuni ilitangaza kwamba hayo ndiyo ya mwisho kabisa katika Marekani, na ikatengeneza 14,000. Yale 200 ya mwisho yalipakwa rangi nyeupe na kutiwa michirizi mekundu na ya buluu, kwa heshima ya miaka 200 ya uhuru wa nchi hiyo. Watu waliyanunua na kuyafungia gerejini, wengine bila hata kuyatembeza. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi naona wahenga hawakuwahi kukutana na muuzaji wa magari wa Marekani, ambaye hata kizuri hukitembeza, tena akakivalisha sanda ili kinunuliwe upesi.

Mwaka 1982 Chrysler walirudisha gari la kufunuka, na mwaka 1984 Cadillac wenyewe wakatoa Eldorado jingine la kufunuka. Baadhi ya wale waliokuwa wamefungia ya 1976 walikwenda mahakamani kudai kwamba walidanganywa. Walishindwa.

Nimelieleza la Cadillac kwa sababu muuzaji aliyemuuzia marehemu SL mwaka 1979 alikuwa anaimba wimbo ule ule, na kwa upande wake alikuwa na ushahidi uliofanana na ukweli. Baada ya 1976, Mmarekani mwenye fedha aliyetaka gari la anasa la kufunuka alikuwa amebaki na machaguo machache: Rolls-Royce Corniche kwa tajiri wa matajiri, na SL kwa daktari, wakili na mcheza sinema. Katika filamu ya “American Gigolo” ya 1980 Richard Gere aliendesha 450 SL, na katika mchezo wa televisheni wa “Dallas” Bobby Ewing alikuwa na SL nyekundu. Gari likawa kitambulisho.

Zaidi ya hayo, bei ilikuwa inapanda kweli. Hili ndilo lililowapoteza wengi. Mtu aliyenunua 450 SL mwaka 1973 alipita mbele ya duka mwaka 1979 akaona jipya linauzwa kwa dola nyingi zaidi kupita kiasi, akahesabu kwamba na lake limepanda, akajiona hodari. Tuisome bei hiyo kama waraka. Mwaka 1970 dola 1 ilinunua Mark za Kijerumani zaidi ya 3.60. Rais Nixon alipokata uhusiano wa dola na dhahabu mwaka 1971, dola ilianza kuteleza, na kufikia 1979 ilikuwa hainunui hata Mark 2. Maana yake ni kwamba hata kama mfanyakazi wa Sindelfingen asingeongezewa senti, Mmarekani angelazimika kutoa karibu dola maradufu kwa gari lile lile. Juu ya hapo, bei za vitu vyote Marekani ziliongezeka zaidi ya maradufu kati ya 1970 na 1980. Kwa hiyo gari halikupanda. Dola ndiyo iliyoshuka, na mwenye gari alikuwa amesimama pale pale huku akidhani anapanda ngazi. Nimewahi kuyaona mambo haya kwetu katika miaka ambayo shilingi iliteremka, na mtu akajisifu kwamba ameuza pikipiki yake kwa bei kuliko aliyoinunulia. Mwulize alichoweza kununua kwa fedha hiyo.

Katikati ya hayo yote palikuwa na shida ya mafuta. Vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973 vilipandisha bei ya pipa kutoka kama dola 3 hadi karibu 12 ilipofika Januari 1974. Serikali ya Ujerumani Magharibi iliamuru magari yasitembee Jumapili 4 mfululizo, kuanzia tarehe 25 Novemba 1973, na watu wakatembea kwa miguu na kuendesha baiskeli katika barabara kuu za kasi. Nchi iliyotengeneza SL ililifungia SL ndani. Kiwanda kilijibu mwaka 1974 kwa kutoa 280 SL lenye silinda 6, lililokunywa petroli kwa adabu kidogo kuliko yale ya silinda 8.

Na sisi je? Wazee wetu wanaikumbuka amri ya hapa Tanzania ya kutoendesha magari ya binafsi Jumapili baada ya saa 8 mchana. Baba yangu alinieleza jinsi mji ulivyokuwa kimya, na jinsi harusi zilivyopangwa ziishe mapema. Shida ilikuwa ile ile, ila Wajerumani walikaa nyumbani Jumapili 4, na sisi tulikaa nazo miaka.

Kadhalika kuna neno ambalo Afrika Mashariki imeipa dunia kuhusu kampuni hii, nalo ni Wabenzi. Halimo katika vitabu vya makabila, lakini kila mtu alilijua kabila hilo: wale waliopanda Mercedes baada ya uhuru wakati wananchi wakipanda lori. Azimio la Arusha la 1967 halikutaja aina ya motokaa. Liliwakataza viongozi hisa, mishahara miwili, na nyumba za kupangisha. Lakini katika masikio ya watu, kiongozi mwenye Benzi alikuwa na maelezo ya kutoa. Wabenzi wetu, hata hivyo, walikuwa watu wa magari ya milango minne, yenye nafasi ya dereva mbele na mheshimiwa nyuma. SL ni la viti viwili. Ukilipanda inabidi uendeshe mwenyewe, na vumbi likupate mwenyewe, na kila mtu barabarani aone uso wako. Nadhani hiyo ndiyo sababu halikupata kuwa gari la waheshimiwa.

Lakini ndugu yake wa paa la chuma, SLC, mwenye urefu wa sentimita 36 zaidi kati ya magurudumu, alikuja Kenya na kufanya kazi ya jasho. Katika Safari Rally ya 1979 Hannu Mikkola alimaliza wa pili akiendesha 450 SLC, nyuma ya Shekhar Mehta na Datsun yake. Mwaka uliofuata Vic Preston Junior alimaliza wa tatu. Gari lililobuniwa kwa ajili ya madaktari wa California lilipita katika matope ya Machi na Aprili, na ile mifereji ya taa za nyuma ikapata kazi iliyotengenezewa. Mtu akikuambia kwamba gari hilo ni pambo tu, mkumbushe.

Turudi kwa wauzaji. Miaka ya 1980 ilileta kinyume chake: dola ilipanda hata Februari 1985 ikanunua Mark zaidi ya 3.30. Sasa ikawa rahisi kwenda Ujerumani, kununua gari huko, na kuliingiza Marekani kwa njia za pembeni, hasa 500 SL ambalo kampuni haikuliuza rasmi katika nchi hiyo. Makumi ya maelfu ya magari ya aina mbalimbali yaliingia hivyo, hata bunge likapitisha sheria mwaka 1988 ya kuibana njia hiyo. Kampuni nayo ilikuwa imekwisha kutoa 560 SL kwa ajili ya Marekani, Japani na Australia; Mjerumani mwenyewe hakuuziwa. Na katika 1989, mwaka ambao SL hii ilifika kikomo baada ya miaka 18, bei za magari ya zamani duniani zilikuwa zinapaa kama tiara. Ilipoingia miaka ya 1990 uzi ulikatika.

Kwa hiyo lile gari “la mwisho” la mwaka 1979 lilifuatiwa na miaka 10 ya magari yaliyofanana nalo. Jumla yaliyotengenezwa ni 237,287. Kati ya hayo aina ya 450 peke yake ni 66,298, nyingi kuliko aina nyingine yoyote ya SL hiyo, ikifuatiwa na 380 yenye 53,200 na 560 yenye 49,347. Sasa linganisha na yale 1,858 ya zamani, ambayo siku hizi moja huuzwa zaidi ya dola milioni 1, na Pagoda 48,912, ambalo bei yake kwa kawaida iko juu ya 450 iliyo katika hali sawa. Mwuzaji alimwambia marehemu kwamba amenunua kitu adimu. Alikuwa amenunua kile kilichotengenezwa kwa wingi kuliko vyote, tena kizuri, kilichodumu, na kwa kuwa kilidumu, wenzake wengi wangali hai na wanagombea mnunuzi yule yule.

Hayo niliyaandika katika barua, nikamalizia kwamba kungoja miaka 10 ni kumfanya mama alipe deni la hospitali kwa ajili ya ndoto ya shemeji. Kitu kisichokuwa adimu hakiuzwi kwa kungoja. Huuzwa kwa kuwa na sifa ambayo wenzake hawana. Na SL zina kasoro zinazojulikana na kila mnunuzi mwenye macho: kutu chini ya kioo cha mbele, ndani ya madigadi na katika sakafu ya buti, mtambo wa hewa baridi wa zile 450 za mwishoni, ambao mafundi wa Marekani huutaja kwa kuguna, na katika 380 za mwanzo, mnyororo mwembamba wa injini ambao ukikatika huondoka na injini nzima. Gari lililofungiwa gerejini lina maradhi yake tena. Mpira hukauka, petroli huoza na kulitia tangi kutu, mafuta ya breki hunyonya maji. Watu wengi hudhani kwamba gari lisilotembea halichakai. Uwanja wetu wa mali chakavu umejaa ushahidi wa kinyume.

Nikamuuliza kuhusu karatasi. Hapo ndipo barua yake ya pili ilinifurahisha, maana marehemu alikuwa mtu wa mafaili. Katika sanduku la viatu mlikuwamo stakabadhi ya kununulia, kitabu cha matengenezo chenye mihuri, hesabu za fundi kwa kila mara, na ile kadi ya kiwandani inayoonyesha namba ya injini, namba ya bodi, rangi na vifaa vilivyowekwa siku gari lilipotoka. Kila namba ililingana na iliyogongwa kwenye chuma. Nilimwambia kwamba sanduku hilo ndilo lililobaki kuwa adimu. Magari 66,298 yaliondoka kiwandani yakiwa na kadi hiyo; mangapi yanayo sasa ni habari nyingine.

Wakafanya hivi. Fundi alisafisha tangi, akabadili mipira yote, matairi na mafuta ya breki. Katika tangazo la kuuza wakaandika wazi kwamba hewa baridi haifanyi kazi na kwamba dashibodi ina ufa, wakapiga picha ya ufa wenyewe. Shemeji alikasirika kuhusu ile picha. Wakangoja, si miaka 10, bali miezi 3, mpaka majira ya baridi yalipokwisha, kwa sababu hakuna anayetamani gari la kufunuka theluji ikianguka. Mnunuzi alikuwa mwalimu mstaafu, ambaye alikagua sanduku la viatu kwa saa nzima kabla hajafungua boneti. Fedha ilitosha madeni ya mama na ikabaki kidogo. Haikukaribia kile ambacho marehemu angepata kama angeiweka fedha ile ile katika akiba ya kawaida yenye faida kwa miaka yote hiyo, achilia mbali kodi ya gereji na bima. Mwenzetu anasema mama mkwe alitaka kitu kimoja tu zaidi: kabla gari halijaondoka, alizungushwa mtaani paa likiwa wazi. Katika miaka yote hiyo alikuwa amelipanda mara chache mno, kwa kuwa lilikuwa linatunzwa.

Wengine mtauliza kwa nini hakulileta nyumbani. Nilimwambia asithubutu, na sababu yake pia ni historia. Marekani, gari likitimiza miaka 25, hulegezewa kanuni za usalama za kuingizwa nchini. Ujerumani tangu 1997 hutoa kibao cha namba chenye herufi H kwa gari la miaka 30 lililotunzwa katika hali yake ya asili, na mwenyewe hupata nafuu ya kodi. Kwetu mambo ni kinyume: Kenya kwa kawaida hairuhusu gari lililotumika lililozidi miaka 8 liingie, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa sababu ya uchakavu. Siilaumu kanuni hiyo. Nimeona takataka zinazoshushwa bandarini, na bila ushuru huo tungekuwa jalala. Lakini matokeo yake ni kwamba katika sheria zetu gari linaweza kuwa jipya, kisha likawa chakavu. Hakuna jina la tatu.

Hilo linanirudisha kwenye jambo lililonisumbua nilipokuwa naandika. Wote tuliosoma hapa tunalikumbuka lile lori la Bedford lililotupeleka kwenye mashindano na kutuletea unga. Liliuzwa zamani. Nimeuliza kwa wenzangu wa rika mbalimbali lilinunuliwa mwaka gani, namba yake ilikuwa ipi, na nani alilichukua. Nimepata majibu manne yasiyolingana, na karatasi hakuna hata moja. Mwenye picha yake ambayo kibao cha namba kinaonekana, au stakabadhi, au hata daftari la safari lililobaki kwa mzee dereva, tafadhali aje nayo siku ya mkutano. Nitakuwa katika meza ya usajili tangu saa 2 asubuhi, nami nitanakili na kumrudishia papo hapo.